Kazi Imekwisha, Mshahara wa Mwisho Uko Wapi?

Akina mama wengi tunajua kuomba kazi. Tunajua kuandika barua, kutafuta wadhamini na kusubiri kuitwa. Lakini ni wachache wetu tunaojua namna ya kutoka kazini. Siku ya kuondoka ikifika, mtu huwaaga wenzake, hukabidhi funguo, hufunga mkoba wake na kwenda nyumbani akiwa na ahadi moja tu: "Pita mwisho wa mwezi, hesabu zako zitakuwa tayari." Mwisho wa mwezi anaambiwa mhasibu amesafiri. Mwezi wa pili anaambiwa fedha hazijaingia. Mwezi wa tatu mlinzi wa getini ameshaagizwa asimruhusu kuingia.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi huwaona akina mama hawa kliniki. Huja wakilalamika kichwa, usingizi umepotea na presha imepanda. Ukiuliza kwa upole habari za nyumbani, ndipo maneno yanapotoka: ada ya mtoto haijalipwa, mwenye nyumba anadai kodi, na jasho la miezi miwili limebaki kwa mwajiri wa zamani. Vidonge vya presha tunaweza kuwapa. Lakini chanzo cha ugonjwa huo kiko ofisini kwa mtu, na dawa yake ni kujua haki na kuidai mapema.

Mambo tunayoyaeleza hapa yanahusu Tanzania Bara, ambako Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ndiyo inayotawala. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2005, na watumishi wa umma wana taratibu zao za kufuata kwanza. Lakini mama aliyeajiriwa katika duka, shule ya binafsi, zahanati, hoteli, kiwanda au nyumbani kwa mtu, haya yanamhusu.

MTU ANAYEONDOKA ANASTAHILI NINI?

Wengi hudhani kwamba mwajiri akishalipa siku zilizofanyiwa kazi, amemaliza. Sivyo. Sheria imetaja malipo kadhaa, nayo ni haya:

1. Mshahara wa siku zote ulizofanya kazi hadi siku ya mwisho, pamoja na saa za ziada ambazo hazijalipwa. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida.

2. Malipo ya likizo. Mfanyakazi ana haki ya siku 28 za likizo katika kila mzunguko wa miezi 12. Ukiondoka katikati ya mzunguko, unalipwa kwa kadiri ulivyofanya kazi: mshahara wa siku 1 kwa kila siku 13 za kazi.

3. Malipo ya notisi, ikiwa mwajiri amekuachisha bila kukupa muda wa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi si chini ya siku 28. Kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Katika mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7.

4. Kiinua mgongo, ikiwa umetumika kwa mfululizo angalau miezi 12 na mwajiri ndiye aliyesitisha ajira. Ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati.

5. Usafiri wa kukurudisha, wewe na mizigo yako, mahali ulipoajiriwa, ikiwa ulichukuliwa mahali pengine na kupelekwa kwenye kituo cha kazi.

6. Cheti cha utumishi. Hiki si fedha, lakini ni haki yako, nacho kitakusaidia kwa mwajiri mwingine.

Mwangalie vizuri, akina mama, kwamba anayeacha kazi kwa hiari yake hapati kiinua mgongo. Lakini mshahara wake na malipo ya likizo viko palepale. Kule kuacha kazi mwenyewe hakumpi mwajiri ruhusa ya kula mshahara wa siku ulizotumika. Na wewe nawe unayeacha, toa notisi yako kwa maandishi na utumikie muda wake, kwa maana mtu anayeondoka ghafla humpa mwajiri sababu ya kumkata.

Jambo jingine: mtu aliyetumika chini ya miezi 6 hawezi kulalamika kwamba ameachishwa isivyo haki chini ya sehemu ile ya sheria. Lakini mshahara wake wa siku alizofanya kazi anaweza kuudai, hata kama alitumika kwa wiki 3 tu.

TUPIGE HESABU PAMOJA

Tuchukue mfano wa mama aliyekuwa akilipwa shilingi 390,000 kwa mwezi, akifanya kazi siku 6 kwa wiki. Siku za kazi katika mwezi ni kama 26, kwa hiyo mshahara wake wa siku ni shilingi 15,000. Alianza kazi tarehe 1 Januari, akatumika miaka 4 kamili, kisha katikati ya Mei ya mwaka wa tano mwajiri akapunguza wafanyakazi, akamwachisha bila notisi. Katika mwezi huo wa Mei alikuwa amefanya kazi siku 13, na tangu Januari ya mwaka huo siku 117. Likizo za miaka iliyopita alikwisha kuzichukua.

Mshahara wa Mei: siku 13 mara 15,000 ni 195,000.
Likizo: siku 117 gawanya kwa 13 ni siku 9, mara 15,000 ni 135,000.
Kiinua mgongo: siku 7 mara miaka 4 ni siku 28, mara 15,000 ni 420,000.
Notisi: kwa kawaida huhesabiwa mshahara wa mwezi mmoja, yaani 390,000.
Jumla: shilingi 1,140,000.

Sasa fikiria kwamba mama huyu aliitwa ofisini, akapewa shilingi 195,000 na karatasi ya kutia sahihi iliyoandikwa kwamba amelipwa haki zake zote wala hadai kitu. Akiwa na shida ya unga na mafuta ya taa, atatia sahihi. Kwa kalamu ile atakuwa ameiweka hatarini shilingi 945,000. Ndiyo maana tunasema: piga hesabu yako nyumbani kabla hujaitwa. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa, na kamwe usitie sahihi karatasi tupu. Ukipewa sehemu tu ya fedha, andika juu ya karatasi hiyo kwamba umepokea sehemu, taja kiasi, kisha ndipo utie sahihi.

MAKATO YASIYO NA MSINGI

Malalamiko tunayoyasikia sana ni ya makato. Muuguzi anakatwa kwa kipimo cha presha kilichoharibika. Muuza duka anakatwa kwa hesabu iliyopungua. Mpishi anakatwa kwa sufuria zilizopotea. Je, mwajiri anaweza kujikatia tu? Hapana. Ili akate kwa ajili ya hasara, lazima mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, lazima hasara iwe imetokana na kosa lake, lazima apewe nafasi ya kujieleza, na kiasi kisizidi hasara yenyewe. Tena makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake. Mwajiri anayesema, "Mshahara wako wote umefidia vyombo," amevunja sheria.

Pia uliza habari za michango yako ya hifadhi ya jamii. Kwa sekta binafsi ni NSSF. Wako waajiri wanaomkata mfanyakazi kila mwezi lakini fedha haziufikii mfuko. Nenda ofisi ya NSSF na namba yako ya uanachama, uombe taarifa ya michango, na uifanye mapema ungali kazini, usisubiri mpaka umeondoka.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mshahara nao ni mali. Kila mama aliyeajiriwa awe na bahasha yake nyumbani, na ndani yake aweke mkataba au barua ya ajira, karatasi za mishahara, taarifa za benki au ujumbe wa simu wa malipo, barua za likizo, na barua ya kuachishwa au ya kuacha kazi. Kama hulipwi kwa karatasi, nunua daftari dogo na uandike kila siku uliyofanya kazi, saa uliyoingia na saa uliyotoka.

Na kama hukuwahi kupewa mkataba? Usikate tamaa. Kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuyaonyesha mbele ya vyombo vya sheria, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Vivyo hivyo kwa kumbukumbu za mishahara ambazo alipaswa kuzitunza. Wenzako mliofanya kazi pamoja wanaweza pia kuwa mashahidi.

Lakini hapa tutoe onyo, hasa kwa dada zetu wa idara ya afya. Usitafute ushahidi kwa kubeba mafaili ya wagonjwa wala kupiga picha rejesta zao. Siri ya mgonjwa si mali yako wala ya mwajiri wako, na unaweza kujikuta wewe ndiye mshitakiwa. Chukua karatasi zinazokuhusu wewe. Mali ya ofisi, yaani funguo, sare, kitambulisho na simu, irudishe yote kwa orodha iliyotiwa sahihi na pande mbili.

ANZA KWA BARUA

Maneno ya mdomo hupeperuka. Baada ya kuulizia mara moja au mbili kwa heshima, andika barua. Isiwe ya matusi wala ya kulia. Iwe fupi namna hii:

"Kwa Meneja. Yah: Madai ya malipo ya mwisho. Mimi niliajiriwa kwenu tangu tarehe fulani kama mhudumu, na ajira yangu ilikoma tarehe fulani. Hadi leo sijalipwa yafuatayo: (orodhesha kila dai na kiasi chake). Jumla ni shilingi kadhaa. Naomba nilipwe ndani ya siku 7 tangu kupokea barua hii, na nipewe cheti changu cha utumishi. Nisipolipwa, nitapeleka madai yangu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wako katika kazi." Kisha jina, sahihi, tarehe na namba ya simu.

Toa nakala mbili. Moja ibaki kwao, nyingine igongwe mhuri au itiwe sahihi ya kupokelewa, ubaki nayo. Wakikataa kupokea, nenda na shahidi, au itume kwa posta kwa rejesta na utunze risiti.

SIKU HAZIGANDI

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotelea. Iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huijua kwa herufi za CMA. Iliundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, na ina ofisi mikoani. Kupeleka madai huko hakutozwi ada. Lakini muda una mpaka. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo haki upelekwe ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, kama ya mshahara, yapelekwe ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza.

Siku hizo hazisimami kwa sababu mwajiri amekuambia upite wiki ijayo. Mwenzetu mmoja katika kikundi chetu cha akina mama aliacha kazi katika zahanati ya binafsi akiwa anadai mishahara ya miezi 2. Alikuwa mvumilivu. Kila wiki alipita, kila wiki aliahidiwa. Alipokuja kutueleza, mwezi wa tano ulikuwa umekwisha. Ikabidi kwanza aombe Tume impokee nje ya muda, akieleza sababu za kuchelewa na kuonyesha ujumbe wa simu aliokuwa akitumiwa na mwajiri wa kumwambia asubiri. Alikubaliwa, na katika usuluhishi mwajiri akaridhia kulipa kwa awamu mbili. Alifurahi, nasi tulifurahi naye. Lakini asingekuwa ametunza ujumbe ule, huenda mlango ungefungwa. Basi endelea kuzungumza na mwajiri, ila kalenda uiangalie.

Utaratibu wenyewe ni huu. Unajaza fomu ya kupeleka mgogoro, nayo unaipata katika ofisi za Tume. Nakala unampelekea mwajiri na kuweka uthibitisho kwamba ameipokea, kisha unaiwasilisha Tume. Mtaitwa kwa usuluhishi, ambao hutakiwa kukamilika ndani ya siku 30 isipokuwa wahusika wakubaliane kuongeza muda. Msuluhishi hukaa nanyi mezani, husikiliza na kuwasaidia mkubaliane. Mkikubaliana, makubaliano huandikwa na yana nguvu ya kisheria. Mkishindwa, shauri huenda kwa mwamuzi, ambaye husikiliza ushahidi na kutoa tuzo. Mwajiri asipotekeleza tuzo, hutekelezwa kupitia mahakama kama hukumu nyingine.

Fika siku uliyoitwa. Mlalamikaji asipofika, malalamiko yake yanaweza kufutwa. Mwajiri naye asipofika, msuluhishi anaweza kuamua bila yeye.

Kama unaogopa kwenda peke yako, uko msaada. Chama cha wafanyakazi kinaweza kukuwakilisha: TUGHE kwa wa afya na serikali, TUICO kwa viwanda na biashara, CHODAWU kwa mahoteli na majumbani. Afisa kazi wa mkoa naye ana mamlaka ya kukagua na kumwagiza mwajiri atii sheria. Kwa ushauri wa bure wako Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

JE, KUDAI NI KUKOSA UPENDO?

Swali hili huulizwa sana kanisani, hasa pale mwajiri anapokuwa muumini mwenzetu, au shule na hospitali zilizo chini ya dini. Mama huambiwa, "Hiyo ni kazi ya Mungu, samehe tu." Naye huona aibu kudai, kana kwamba ameomba sadaka irudishwe.

Tusichanganye mambo. Sadaka ni kile mtu anachotoa kwa hiari yake. Mshahara ni deni. Torati yenyewe iliagiza kibarua alipwe ujira wake siku hiyohiyo kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautumaini. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unawaonya vikali matajiri walioshikilia ujira wa wavunaji. Kwa hiyo mama anayedai kwa adabu, kwa maandishi na kwa njia za sheria, hajatenda dhambi. Anaweza kumsamehe aliyemkosea maneno, na bado akadai fedha ya watoto wake. Na mzee wa kanisa anayeletewa shauri kama hili asiishie kuomba pamoja nao tu. Aulize pia: deni ni kiasi gani, na litalipwa lini?

NA SISI TULIOAJIRI?

Hebu sasa tugeuze uso tuangalie majumbani mwetu. Wengi tunaosoma ukurasa huu tuna binti anayetusaidia kazi. Tulimtoa Singida, Iringa au Dodoma kwa wazazi wake, tukamleta mjini. Siku anapotaka kuondoka, tunafanya nini? Wako akina mama wanaosema, "Nenda, nitakutumia." Wako wanaokumbuka siku hiyo vikombe vyote vilivyovunjika tangu Pasaka. Wako wanaoficha mkoba wa binti ili asiondoke. Kisha Jumapili tunaimba kwaya.

Msaidizi wa nyumbani ni mfanyakazi kama wengine mbele ya sheria. Ana mshahara wake hadi siku ya mwisho, ana malipo ya likizo, ana notisi, ana kiinua mgongo ukimwachisha baada ya mwaka au zaidi, na ana haki ya usafiri wa kumrudisha ulikomchukua. Yale makato tuliyoyakataa kazini kwetu, tusiyafanye jikoni kwetu. Mwandikie mkataba mfupi, mlipe mbele ya daftari, kila mmoja atie sahihi. Wale wanaotunza fedha za binti "ili asizipoteze", wampeleke afungue akaunti yake, aijue hesabu yake mwenyewe.

Mama mmoja alituambia kwamba hana uwezo wa kulipa yote kwa mara moja. Tulimjibu kwamba shida hiyo inaeleweka, lakini ni ya kuzungumzwa kabla binti hajapanda basi. Mkubaliane kiasi, tarehe na njia ya kulipia, muandike, na mzazi wake apigiwe simu asikie. Binti akishafika kijijini hana fedha ya nauli ya kurudi kudai, wala hajui ofisi ya Tume iko wapi. Jasho lake limebaki mikononi mwetu.

Basi mwezi huu tufanye mambo mawili. Wewe unayedai, hesabu leo ni siku ngapi zimepita tangu uondoke kazini, na kama hazijafika 60 usiache juma hili lipite kabla hujaandika barua. Wewe unayedaiwa, fungua daftari, mtafute uliyemwacha aende mikono mitupu, umlipe.